Viza inaisha na hela ni kidogo: mwongozo kamili wa kutoka nje ya nchi na kurudi bila kukwama

Ukiishi nchi ya watu kwa siku za mgeni tu, kuna deti moja inatawala mipango yako yote, ile iliyoandikwa kwenye muhuri wa paspoti. Ikikaribia inabidi utoke, uvuke mpaka, ukae huko usiku mmoja au wiki, halafu urudi uhesabiwe upya. Hiyo ndio safari ya viza. Sasa shida ninayoiona kila siku ni kwamba watu wanaanza kuipanga kwa kutafuta tiketi ya bei chee, wanapata ofa nzuri kweli, wanalipa, halafu wakirudi wanafika kaunta ya uhamiaji wanaambiwa siku hazijaongezeka hata moja, au hawaingii kabisa. Hapo ndio bei ya kweli inatoka: tiketi ya kurudishwa ulikotoka, hoteli ya ghafla, kodi ya nyumba inaendelea kule ambako huruhusiwi kuingia, na kazi imesimama. Kwa hiyo hapa tunaenda hivi: sheria kwanza, kalenda pili, hela tatu. Safari ya bei rahisi ni ile ambayo haikulazimishi kuirudia.

Hatua ya 1: jua wewe uko kundi gani

Wanaotoka nje kwa ajili ya karatasi hawako sawa wote, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumuumiza mwingine. Kuna anayeingia bila viza, au kwa viza ya mlangoni, yaani ile unayopewa ukifika, siku zake zimeisha anataka siku mpya. Kuna mwenye viza ndefu ya kuingia mara nyingi ila kila akiingia anapewa siku kadhaa tu, kwa hiyo analazimika kutoka na kuingia hata kama viza yenyewe bado ni hai. Hawa wawili kazi yao ni kuvuka na kurudi. Wa tatu viza yake imekwisha kabisa, anahitaji mpya kutoka ubalozi ulio nje, na huyo safari yake ni ya siku kadhaa za kazi, sio ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, asijidanganye.

Halafu kuna wa nne ambaye hatakiwi kutoka kienyeji. Huyu ana kibali cha kuishi, au ana maombi yake yako mezani yanashughulikiwa. Nchi nyingi ukitoka katikati ya maombi wanahesabu umeyaacha. Na nyingine kibali chako kinakufa pale pale unapogongewa muhuri wa kutoka kama hukuomba ruhusa ya kurudi kabla. Thailand ni mfano wa wazi, mtu amerefushiwa kukaa mwaka mzima, akitoka bila kibali cha kuingia tena ule mwaka wote umekwenda, wakati kibali chenyewe ni baht 1,000 kwa kurudi mara moja na 3,800 kwa mara nyingi. Kama uko kundi hili, kabla ya tiketi nenda ofisi ya uhamiaji ukaulize, na uulize kwa kuonyesha karatasi yako, sio kwa maneno tu.

Hatua ya 2: hakikisha kweli unahitaji kutoka

Hili watu wanaliruka sijui kwa nini. Sehemu nyingi unaweza kuongezewa siku ukiwa ndani, kwa ada, bila kupanda basi wala ndege. Thailand mgeni anaomba siku 30 zaidi kwa baht 1,900. Indonesia viza ya mlangoni ni rupia 500,000 kwa siku 30 na unaweza kuirefusha mara moja kwa siku 30 nyingine. Ukiweka ada kama hiyo pembeni ya nauli ya kwenda na kurudi, usiku mbili za hosteli na viza ya nchi ya pili, mara nyingi ofisi inashinda. Mbaya yake ni muda, kuna foleni, kuna kurudi kesho, na wanataka uombe kabla siku hazijaisha sio baada. Kwa hiyo piga hesabu zote mbili, ya kubaki na ya kutoka, ndio uamue.

Hatua ya 3: elewa nchi unayoishi inahesabuje siku

Hapa nitakaa sana maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Kuna nchi ambazo kila ukiingia saa inaanza sifuri. Unapewa siku 30, au 60, au 90, ukitoka na kurudi unapewa nyingine, japo afisa ana haki ya kukukatalia au kukupa pungufu. Meksiko kwa mfano mgeni anaweza kupewa mpaka siku 180, ila anayeamua ni afisa aliyekaa pale, na watu wamezoea kuhesabu 180 kichwani bila hata kuangalia ameandika ngapi. Georgia inawapa raia wa nchi nyingi mwaka mzima bila viza.

Kuna nyingine zinahesabu kwa dirisha linalotembea. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazohesabiwa kama mpaka mmoja, ambalo sasa lina nchi 29 baada ya Bulgaria na Romania kuingia kikamilifu Januari 2025, linaruhusu siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Hapa kwenda nchi ya jirani wikiendi na kurudi hakukuongezei kitu, kunasimamisha tu saa kwa zile siku uliokuwa nje. Tuifanye hesabu pole pole. Sema umeingia 1 Januari mwaka usio mrefu, ukakaa mfululizo mpaka 31 Machi. Januari 31, Februari 28, Machi 31, jumla 90 kamili, na kumbuka siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa, hata kama umeingia saa tano usiku. Umemaliza. Sasa unaweza kurudi lini? Ukisimama siku yoyote unageuka nyuma unahesabu siku 180 ukiijumlisha na hiyo uliyosimama. Tarehe 29 Juni dirisha linaanzia 1 Januari, kwa hiyo siku zako 90 zote bado zimo, ukiingia siku hiyo inakuwa ya 91, umevunja sheria. Tarehe 30 Juni dirisha linaanzia 2 Januari, zimebaki 89, ukiingia inakuwa ya 90, uko salama, na kila kesho yake siku moja ya zamani inadondoka na mpya moja inaingia. Siku moja tu ndio tofauti ya kupita na kukamatwa. Umoja wa Ulaya wana kikokotoo chao mtandaoni, kitumie, lakini jifunze na kwa mkono ili ujue kama umeingiza deti vibaya. Na tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kielektroniki unaochukua sura na alama za vidole na kuhesabu wenyewe, kwa hiyo yale mambo ya kutegemea muhuri uliofifia yanaisha. Anayeishi kwa mtindo huu Ulaya inabidi zile siku nyingine 90 azikae nchi ambazo hazimo Schengen, kama Albania, Serbia, Uturuki, Ayalandi, Uingereza au Kupro, kulingana na paspoti yake. Uturuki nayo inawahesabia wageni wengi 90 kwa 180, ila hesabu yake ni yake, haichanganywi na ya Schengen.

Kundi la tatu ndio linaumiza zaidi, nchi ambazo jirani hahesabiki kama nje. Aliyeingia Marekani kwa mpango wa kusamehewa viza, zile siku 90, akienda Kanada au Meksiko au visiwa vya karibu na kurudi anaendelea na siku zile zile. Guatemala, Honduras, El Salvador na Nikaragua zina makubaliano ya pamoja, siku 90 ni za nchi zote nne kwa jumla, ukitoka Guatemala kwenda El Salvador unagongewa labda na unafurahi bure, lazima utoke nje ya hizo nne, Meksiko au Belize au Kosta Rika. Afrika Kusini pia, mgeni akienda nchi ya jirani na kurudi kwa kawaida anapewa deti ile ile ya mwanzo. Halafu kuna mipaka ya idadi, kama Thailand ambapo kuingia bila viza kwa njia ya nchi kavu ni mara mbili tu kwa mwaka wa kalenda.

Haya yote yanabadilika, na yanabadilika ghafla. Soma tovuti ya uhamiaji ya nchi yenyewe wiki ile unayopanga na tena siku moja kabla ya kuondoka. Alichofanya jirani yako mwaka jana na paspoti ya taifa lingine sio sheria yako.

Hatua ya 4: weka kalenda kabla ya tiketi

Chukua paspoti, fungua ukurasa wenye muhuri, soma deti ya mwisho kwa macho yako. Kama wameandika idadi ya siku badala ya deti, hesabu moja moja kwenye kalenda ukianza na siku uliyoingia, labda sheria ya nchi hiyo iseme vingine. Siku 90 sio miezi mitatu! Watu wanaingia 1 Julai wanasema natoka 30 Septemba, hiyo ni siku ya 92. Sehemu ambazo hawagongi muhuri angalia rekodi yako mtandaoni, Marekani kwa mfano inaitwa I-94 na unaitoa mwenyewe kwenye tovuti yao.

Ukishapata siku ya mwisho, rudi nyuma siku tano mpaka saba, hiyo ndio siku yako ya kuondoka. Basi linaharibika, ndege inafutwa, mtoto anaumwa, boda inafungwa. Mwaka 2025 Thailand na Kambodia zilifunga boda zao za nchi kavu baada ya mapigano na wote waliokuwa wamezoea njia ile ikabidi watafute nyingine haraka. Mwenye siku saba mkononi anabadilisha njia, mwenye siku moja analipa chochote anachoambiwa.

Ogopa ndege za saa sita na dakika ishirini usiku. Tiketi inasema tarehe 16, wewe kichwani unaona ni usiku wa 15, na paspoti inasema mwisho 15. Chagua ya mchana.

Kama unaenda ubalozi, tafuta sikukuu za nchi zote mbili, ile ulipo na ile yenye ubalozi, maana ubalozi unaweza kufunga kwa sikukuu za pande zote. Ukifika Ijumaa kabla ya sikukuu ya Jumatatu umejinunulia usiku nne za hoteli bila sababu, hiyo peke yake inaua bajeti yote uliyobana.

Hatua ya 5: chagua pa kwenda

Hapa ndio tunafika kwenye ramani. Maswali ya kujiuliza ni haya, na ukikosa jibu moja usinunue kitu.

Paspoti yangu inaingia kule bila viza, au viza ni bei gani na inachukua siku ngapi? Tiketi nusu bei kwenda nchi yenye viza ghali sio ofa. Je nikikataliwa kurudi, kule naruhusiwa kukaa muda gani? Hili watu hawalifikirii lakini ndio kinga yako, maana ukikataliwa mlangoni kwa kawaida shirika la ndege linakurudisha ulikotoka. Kwa hiyo nenda sehemu ambayo unaweza kukaa hata wiki tatu kwa amani ukajipanga, yenye hosteli rahisi na ubalozi wa nchi unayoishi, sio kisiwa cha gharama ambacho umepewa siku tatu tu.

Njia ina unganisho? Tiketi mbili tofauti za mashirika tofauti maana yake unashuka, unapita uhamiaji, unachukua begi, unaingia tena, na hapo kama paspoti yako inataka viza kwa nchi ya katikati ndio mwisho wa safari, watakukatalia kupanda kule kule ulikoanzia. Wahudumu wa kaunta ya ndege wanaangalia mfumo wenye sheria za kuingia za kila nchi unaoitwa Timatic, na shirika linaweza kupigwa faini likimleta mtu asiyekubalika, ndio maana wao wakati mwingine ni wakali kuliko uhamiaji wenyewe.

Paspoti imebaki na miezi mingapi? Nchi nyingi zinataka 6. Schengen inataka miezi 3 baada ya siku ya kuondoka na paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Kurasa tupu ziwe angalau mbili, wanaotoka na kuingia mara kwa mara wanazimaliza upesi sana. Na hapo kuna akili nzuri ya kubana hela: kama paspoti inakaribia kuisha na ubalozi wa nchi yako uko kule unakoenda, unganisha safari, fanya mambo mawili kwa nauli moja.

Cheti cha homa ya manjano kibebe kama umetoka au umepitia nchi zenye ugonjwa. Chanjo ni ya maisha tangu Julai 2016, usikubali kuuziwa nyingine eti ya zamani imepita miaka kumi.

Boda au ndege? Boda ni rahisi kwa nauli, ila ina saa za kufungua na kufunga, ina sheria zake za idadi, na kuna viza za kielektroniki ambazo hazikubaliki kila mlango, Vietnam kwa mfano ina orodha ya milango inayokubali e-viza na ni lazima utumie mmoja wapo. Kurudi siku hiyo hiyo sheria nyingi hazikatazi, lakini maafisa wengi hawapendi, wanaona wazi hujasafiri popote. Mimi naona lala usiku mmoja au miwili ukiweza. Mtu mwenye risiti ya hosteli anaulizwa maswali machache kuliko aliyegeuka palepale.

Hatua ya 6: bajeti

Andika kila kitu, na uandike kabla. Nauli ya kwenda kwenye kituo au eapoti, nauli kubwa, viza ya kule, kodi ya kutoka kama ipo, picha za paspoti, kulala, chakula, laini ya simu au intaneti, bima, nauli ya kurudi, viza au ada ya kuingia upya, siku za kazi utakazokosa, na juu ya hapo akiba. Akiba yenyewe iwe inatosha kununua tiketi moja ya ghafla na usiku kadhaa. Kama huna hiyo akiba bado, kwa kweli ni bora kuomba kuongezewa siku ndani kwa sasa.

Kubana kunawezekana sana. Katikati ya wiki nauli mara nyingi ni nafuu kuliko Ijumaa na Jumapili. Begi moja dogo la kuingia nalo ndani ya ndege, maana mashirika ya bei rahisi yanarudisha hela yao kwenye mizigo, pima nyumbani kwa mzani usisubiri kupimiwa getini. Basi la usiku linakuokolea kulala. Lakini angalia ile tiketi ya ndege ya saa kumi alfajiri kwenye eapoti ya mbali, hakuna basi saa hizo, unachukua teksi ambayo inazidi tiketi yenyewe, ofa imekufa hapo hapo. Andika nauli ya mlango kwa mlango, sio ya eapoti kwa eapoti.

Hela ya kubadilisha usiiache mpaka bodani, kule viwango ni vibaya. Beba dola kidogo, safi, hazijachanika wala kuandikwa, kwenye viza za mlangoni noti yenye alama ya kalamu inakataliwa na huna pa kwenda. Ziwe kamili kwa ada, maana chenji inaweza kukosekana.

Sasa kuhusu wale wanaopanga safari nzima, gari linakuchukua mnapelekwa bodani mnarudishwa. Ni huduma ya halali sehemu nyingi, na kama hujawahi kuvuka inaweza kukupunguzia wasiwasi, bei yake huwa juu ya kwenda mwenyewe. Uliza nini kimo kwenye bei, ada ya viza imo au haimo. Lakini nasema hili kwa msisitizo wote nilio nao: mtu akikuambia nipe paspoti nitaigongesha wewe baki nyumbani, kimbia. Muhuri ambao mwenye paspoti hakuvuka ni wa kughushi, mfumo wa kompyuta unaonyesha hukutoka, na anayekamatwa nao ni wewe, ni kesi ya jinai sio faini. Watu wamefungwa kwa hilo.

Pia tovuti. Nchi nyingi sasa zina fomu za kujaza kabla, Thailand tangu 1 Mei 2025 ina kadi ya kidijitali ya kuwasili inayojazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure, Uingereza ina ETA, ruhusa ya kusafiri ya kielektroniki, kwa wasiohitaji viza. Ukitafuta mtandaoni matokeo ya juu mara nyingi ni tovuti za watu binafsi zinazofanana na za serikali zinakutoza kwa kitu cha bure au mara tatu ya ada. Angalia anwani mwishoni, iwe ya serikali ya nchi ile.

Hatua ya 7: bahasha ya karatasi

Printi, usitegemee simu, chaji inaisha na intaneti ya bodani haina adabu. Ndani weka tiketi ya kuondoka tena kwenye nchi unayorudi, tarehe yake iwe ndani ya siku utakazopewa. Wengi wanakwamia hapo. Ya basi la kwenda nchi ya jirani inatosha sehemu nyingi, au nunua ya ndege inayorudishwa hela, ila iwe ya kweli, bukingi za kutengeneza zinaangaliwa kwa namba yake na hazionekani. Weka anwani unapokaa na mkataba wa nyumba au bukingi, taarifa ya benki ya miezi mitatu, bima, picha mbili, kopi ya ukurasa wa kwanza wa paspoti na ukurasa wa muhuri wa mwisho. Kopi nyingine iwe kwenye imeili.

Mwenye watoto aongeze cheti cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya mzazi ambaye hasafiri, na ahesabu siku za kila mtoto peke yake, hasa kama wana paspoti za nchi tofauti. Mtoto kuzidisha siku ni kuzidisha siku.

Hatua ya 8: kaunta

Safari nzima ina mihuri minne: kutoka ulipo, kuingia kule, kutoka kule, kuingia tena. Kwenye boda za miguu ni rahisi sana kupita kibanda cha kutoka bila kujua, umati unasukuma, dereva anaharakisha, unajikuta ng'ambo huna muhuri wa kutoka. Ukipata mashaka simama, rudi, tafuta kibanda. Sehemu za kielektroniki subiri mpaka afisa amalize, usinyakue paspoti ukaondoka.

Ukirudi utaulizwa unakuja kufanya nini na umekuwa hapa mara ngapi. Jibu ukweli, kwa ufupi. Unaishi kwa mpenzi wako, sema. Unatembea ukiwa na akiba yako, sema na uonyeshe. Kazi ndio sehemu ya hatari, nchi nyingi siku za mgeni haziruhusu kufanya kazi, na nyingine hata ile ya kompyuta kwa mwajiri wa nje bado iko kwenye utata, kwa hiyo ujue sheria ya nchi yako kabla hujasimama pale, sio kutunga hadithi mbele ya afisa mwenye rekodi zako zote kwenye skrini. Usibishane, usitoe hela isiyo na risiti.

Halafu ukipewa paspoti, usisogee. Fungua ukurasa. Soma deti ya kuingia, soma mwezi, soma mwaka, soma siku ulizopewa au deti ya mwisho, soma aina ya viza. Afisa amechoka, ameshika muhuri tangu asubuhi, anaweza kuwa amesahau kugeuza tarehe au amekuandikia 30 wakati viza yako ni ya 60. Ukisema pale pale, tena kwa heshima, samahani naomba uniangalizie hapa, ni dakika mbili anafuta anaandika upya. Ukigundua nyumbani ni ofisi, ni barua, ni foleni, na mara nyingine hawabadilishi. Piga picha ukurasa huo kabla ya kutoka kwenye jengo.

Ukikataliwa, tulia. Omba sababu kwa maandishi, omba kuongea na msimamizi, uliza kama unaweza kuondoka mwenyewe bila kuwekewa zuio la kurudi. Usisaini usichokielewa, omba mkalimani, na mpigie ubalozi wa nchi yako. Kisha rudi ulikotoka uombe viza rasmi, usijaribu mlango mwingine kesho yake, rekodi inasomeka kila mlango.

Wanaoenda ubalozini wao kaunta yao ni nyingine: weka miadi mtandaoni kabla ya kununua nauli, picha ziwe za kipimo walichosema, na jua paspoti itabaki kwao, kwa hiyo omba risiti na utembee na kopi, hoteli zitaidai.

Hatua ya 9: usiwaze "nitalipa faini tu"

Kuna watu wanapiga hesabu wanaona faini ni ndogo kuliko safari. Thailand ni baht 500 kwa siku mpaka kikomo cha 20,000, inaonekana rahisi, ila ukikamatwa mtaani kabla hujajipeleka mwenyewe, hata kama umezidisha siku chache, zuio la kuingia ni miaka 5. Indonesia ni rupia milioni moja kwa siku, na ukipita siku 60 unafukuzwa. Afrika Kusini kuzidisha chini ya siku 30 kunaweza kukuzuia kuingia tena kwa miezi 12, zaidi ya 30 ni miaka 5. Na kila fomu ya viza utakayojaza baadaye, nchi yoyote, kuna uwezekano wa kuulizwa kama umewahi kuzidisha muda.

Hatua ya 10: baada ya kurudi

Kuingia sio mwisho. Thailand mwenye nyumba anatakiwa kutoa taarifa ya mgeni ndani ya saa 24, na ile ripoti ya anwani ambayo mgeni anatoa kila akikaa siku 90 inaanza kuhesabiwa upya. Nchi nyingine zina usajili wa anwani polisi. Uliza, fanya wiki hiyo hiyo.

Na ukishatulia, kaa na daftari ujumlishe safari zote za mwaka mzima pamoja na siku za kazi zilizopotea, ulinganishe na kibali cha muda mrefu. Sasa hivi viko vingi: Estonia ilianzisha viza ya wanaofanya kazi kwa mtandao mwaka 2020, Thailand ikaleta viza yake iitwayo DTV Julai 2024, ya miaka mitano, kila kuingia siku 180, ada baht 10,000 ukiwa na uthibitisho wa akiba ya baht 500,000, na kuna za masomo, ndoa, wastaafu. Kwa mtu anayejua atakaa zaidi ya mwaka mimi naona kibali kinalipa, kwa sababu maafisa wanaona mfululizo wa mihuri na kila safari inayofuata inakuwa na maswali mengi kuliko iliyopita. Uliza na kodi pia, nchi nyingi ukifika siku 183 kwa mwaka unahesabiwa mkaazi wa kikodi hata kama viza yako ni ya mgeni.

Kama bado unaendelea na safari za viza, weka kengele tatu kwenye simu sasa hivi: siku 45 kabla ya deti mpya kwa ajili ya kusoma sheria, siku 30 kwa ajili ya tiketi na miadi, na siku 7 kabla, hiyo ya kuondoka.